Chura wa Kihansi, mzaliwa wa Bronx



Kama ulisikiliza kipindi kilichopita, unakumbuka tulivyobishana kuhusu lile swali: "Wewe kwenu wapi?" Mimi nilisema nimechoka kulijibu. Hapa New York nikisema Bronx, mtu anarudia, "Sawa, lakini kwenu kwenyewe?" Nikienda Tanzania nikasema Iringa, muuza nyanya ananisikiliza sentensi mbili tu, anacheka, anasema, "Dada, wewe umetoka nje." Na bei inapanda hapo hapo.

Leo sitajibu hilo swali. Leo nawaletea mwenzetu mwingine ambaye akiulizwa atabaki anakodoa macho tu. Asili yake ni Milima ya Udzungwa, kazaliwa Bronx, na mababu zake walikuja Marekani kwa ndege mwaka 2000. Ana rangi ya njano, na dume lake linakaa juu ya sarafu ya senti 25 bila mguu kutoka nje.

Nilikutana naye Jumapili moja Bronx Zoo. Tulikuwa watatu: mimi, Baba, na mdogo wangu Neema, mwenye miaka tisa, ambaye alitaka kuona nyoka na si kitu kingine. Tukaingia kwenye nyumba ya wanyama watambaao. Neema akakimbilia chatu. Mimi nikasimama mbele ya kioo kimoja ambacho kwanza nilidhani hakina kitu, majani na unyevunyevu tu. Halafu jani likaruka. Nikasoma kibao: Kihansi. Tanzania.

"Baba, njoo uone. Wanatoka kwenu."

Baba akaja taratibu, akavaa miwani, akasoma. Akacheka kwa sauti mpaka watu wakageuka. "Hee! Kumbe ndio hawa? Hawa ndio wale wa kesi ya umeme?" Akainama karibu na kioo. Baba ni Simba damu, mnamjua, kwa hiyo cha pili alichosema ni, "Njano kwenye majani ya kijani. Hawa ni Yanga hawa."

Halafu akanyamaza, na njia nzima kurudi nyumbani alikuwa ananisimulia. Hadithi ambayo sikuwahi kuisikia, na inahusu mambo ambayo mimi nilidhani nayajua.

Tuanze na mahali penyewe. Kihansi ni mto. Unaanzia kwenye nyanda za juu za Iringa, kule kwenye baridi, kisha unafika kwenye ukingo wa Milima ya Udzungwa na kushuka kuelekea bonde la Kilombero. Unashuka kwa maporomoko mfululizo ndani ya korongo, yaani bonde jembamba lenye kuta za mwamba. Maji yakigonga mwamba yanapasuka na kuwa manyunyu. Zamani manyunyu hayo yalikuwa hayakatiki, usiku na mchana, masika na kiangazi. Pembeni mwa maporomoko paliota mimea midogo kama zulia la kijani lililolowa, na kwenye zulia hilo ndiko aliishi chura wetu. Ukijumlisha sehemu zote zenye manyunyu ya kumtosha, zilikuwa kama hekta 2. Viwanja vya mpira vitatu haviingii. Na hapo ndipo penyewe, duniani kote. Hakuwa na mahali pengine.

Udzungwa ina vyura wa kila namna. Wapo vyura wa mitini wenye vidole vya kunata, ambao wengine hutaga mayai kwenye majani yaliyoning'inia juu ya maji, ili viluwiluwi wakitoka wadondoke moja kwa moja dimbwini. Kiluwiluwi ni mtoto wa chura mwenye mkia, yule anayefanana na samaki mdogo. Lakini chura wa Kihansi hana habari na viluwiluwi. Hatagi, anazaa. Ndugu zake wa jamii yake, ambao wengi wao wanaishi kwenye milima hiyo ya mashariki mwa Tanzania, nao wanazaa. Mama anabeba watoto tumboni, na ngozi ya tumbo ni nyembamba kiasi kwamba unaweza kuwaona kwa ndani. Wakizaliwa wanakuwa vyura kamili, wana miguu yote minne, na urefu wao ni kama milimita 5. Neema alipoona mmoja aliuliza kama ni uchafu kwenye kioo.

Sasa umeme.

Baba alimaliza kidato cha sita Dar es Salaam miaka ya 1990. Alikuwa anakaa Temeke kwa mama yake mdogo. Miaka hiyo kulikuwa na mgao wa umeme. Kama hulijui hilo neno, mgao ni kugawana: leo mtaa huu wana umeme, kesho wengine, na ratiba haifuatwi. Baba alisomea mtihani kwa kibatari, kile kitaa cha bati chenye utambi na mafuta ya taa. Anasema asubuhi ukipenga kamasi zinatoka nyeusi. Mama yake mdogo alikuwa anauza barafu za ukwaju kwa watoto wa shule. Umeme ukikatika siku mbili, mtaji wote unageuka maji kwenye friji, na ada ya Baba ilikuwa inatoka kwenye barafu hizo hizo.

"Kwa hiyo," Baba akasema, tukiwa tumesimama kwenye taa nyekundu, "tuliposikia kwamba kuna bwawa linajengwa Kihansi, na mimi ni mtu wa kule, nilijisikia kama ni bwawa langu."

Mtambo wa Kihansi una uwezo wa megawati 180. Ulipoanza kazi, kati ya mwaka 1999 na 2000, ulikuwa mtambo wa pili kwa ukubwa kati ya ile ya maji nchini, baada ya Kidatu. Pesa nyingine zilitoka Benki ya Dunia na nchi za Ulaya. Na mahali penyewe palichaguliwa kwa sababu ile ile iliyomfanya chura aishi pale: maji mengi, yanaanguka kutoka juu sana.

Chura hakuwa anajulikana na sayansi mpango ulipopangwa. Alionekana mwaka 1996, kazi ya ujenzi ikiwa imeshaanza, na miongoni mwa waliomwandika rasmi ni Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jaribu kuwaza hali ilivyokuwa. Pesa zimeshakopwa, mwamba unachimbwa, nchi iko gizani, halafu mtu anakuja na kiumbe cha sentimita 2 anasema, jamani, subirini kidogo.

Hakuna aliyesubiri. Maji yakaingizwa kwenye handaki la kwenda kwenye mitambo, na kama asilimia 90 ya maji yakaacha kupita kwenye korongo. Manyunyu yakakata. Zulia likaanza kukauka.

Hapo ndipo yakafanyika mambo mawili kwa wakati mmoja, na ninawaomba mshike yote mawili.

La kwanza lilifanyika kule kule korongoni. Yakawekwa mabomba yenye vichwa vya kunyunyizia, ili kutengeneza manyunyu kwa mkono wa binadamu pale ambapo mto ulikuwa unayatengeneza bure. Kwa muda ilionekana kufaulu. Katikati ya mwaka 2003 vyura walikadiriwa kufika kama 20,000. Halafu ndani ya miezi michache wakaisha. Mwanzoni mwa 2004 watu waliokwenda kuhesabu walikuta wachache wa kuhesabika kwa vidole. Baada ya hapo, kimya. Mwaka 2009 shirika la IUCN, ambalo ndilo linalotunza orodha ya viumbe walio hatarini, likatangaza kwamba chura huyu ametoweka porini.

Kilichowamaliza kilikuwa nini? Wataalamu wametaja mambo kadhaa, pamoja na tope na dawa za mashambani zilizoteremka na maji. Ila linalotajwa zaidi ni ugonjwa wa ngozi unaoletwa na aina ya kuvu inayoitwa kitridi, ambayo imeua vyura wa aina nyingi sana duniani. Chura anakunywa maji kwa ngozi, na anapumua kwa ngozi. Ngozi ikiharibika, chumvi za mwilini zinavurugika na moyo unasimama.

Nisimame hapa kidogo kwa ajili ya neno letu la wiki. Neno ni *ukungu*. Wengi wetu tunalijua kama ule moshi wa baridi asubuhi, unaofunika barabara mpaka gari linawasha taa. Lakini fungua mkate uliosahaulika kabatini wiki mbili. Yale manyoya ya kijani juu yake, bibi yako atakwambia, "Mkate umeota ukungu." Neno ni lile lile. Chura wa Kihansi alilelewa na ukungu wa maporomoko, na ukungu wa aina ya pili ndio uliomwua. Nilimwambia Baba hivyo. Akasema Kiswahili changu kimeanza kukomaa. Nimeandika tarehe.

Jambo la pili lilifanyika mwishoni mwa mwaka 2000. Kabla hali haijawa mbaya zaidi, vyura karibu 500 walichukuliwa kutoka korongoni wakaletwa Marekani, wakagawanywa kwenye bustani kadhaa za wanyama. Mwaka huo huo Baba na Mama walitua JFK wakiwa na masanduku mawili na bahasha ya vyeti. Mama anasema wiki ya kwanza hakuelewa kwa nini nyumba za huku zina joto ndani na baridi nje, na ngozi yake ilipasuka mpaka damu.

Vyura walipata shida zaidi ya Mama. Hakuna aliyejua kuwalea. Waliugua, wakafa, bustani moja baada ya nyingine ikashindwa. Desemba 2004 waliobaki walikuwa chini ya 70. Hebu fikiria: kule korongoni hawaonekani tena, na huku hawajazi hata basi moja la shule. Spishi nzima ilikuwa imebaki kwenye masanduku ya vioo, New York na Toledo, Ohio, kwa sababu ni bustani za miji hiyo miwili tu zilizoweza kuendelea nao. Watunzaji wakajifunza polepole: wanyunyiziwe mara ngapi, wawekewe taa ya aina gani yenye mionzi kama ya jua, walishwe vidudu vidogo kiasi gani. Wakaanza kuzaa. Wakafika mamia, kisha maelfu. Mwaka 2010, mwezi wa Februari, Bronx wakawaweka mbele za watu.

Agosti mwaka huo huo vyura 100 walipandishwa ndege kurudi Tanzania.

Hapa ndipo kwenye sehemu ninayoipenda. Hawakupelekwa moja kwa moja korongoni. Walipelekwa kwanza Dar es Salaam, kwenye kituo maalumu cha Chuo Kikuu, wakakaa huko na kuzaana. Maana hawa walikuwa wajukuu na vitukuu wa wale wa 2000. Hawajawahi kuona maporomoko. Hawajawahi kukutana na magonjwa ya kule. Watafiti wakachukua udongo na mimea kutoka korongoni, wakawaweka vyura pamoja navyo, wakasubiri waone kama wataugua.

Kama umewahi kwenda likizo Tanzania ukaumwa tumbo wiki nzima ya kwanza, huku binamu zako wanakunywa maji ya bomba na kukucheka, basi unajua kilichokuwa kinapimwa pale.

Vyura hawakuugua. Mwaka 2012 wachache, 48, walirudishwa Kihansi kwa majaribio, na baadaye mwaka huo wakafuata wengine kama 2,000. Tangu hapo wamekuwa wakirudishwa kwa awamu, na wengine wamebaki Dar es Salaam na huku Marekani kama akiba. Mabomba ya kunyunyizia bado yanahitajika. Yaani chura amerudi kwao, lakini mvua yake inategemea mtu wa kufungua na kuzibua mabomba.

Tulipofika nyumbani mimi na Baba tulikuwa tumeshaanza kugombana. Mimi nilisema bwawa lisingejengwa vile. Watu wangechunguza korongo kwanza, mwaka mzima, kabla ya kukopa hata senti. Baba akaniangalia. "Wewe umezaliwa kwenye umeme," akasema. "Hujawahi kuzima taa kwa sababu imekatika. Unazima kwa sababu nimekukaripia." Akasema pesa zilizotumika kwa chura, watu wengi nyumbani waliziona kama matusi. Vijiji vya jirani na nguzo havina umeme, halafu chura anapandishwa ndege.

Sikuwa na jibu. Ni kweli, mimi nimezaliwa kwenye umeme.

Neema, ambaye hapendi ugomvi, akampigia Shangazi Mafinga kwa WhatsApp. Kule ilikuwa usiku. "Shikamoo Shangazi, Baba na Dada wanagombana kuhusu chura."

"Marahaba mwanangu. Chura gani tena?"

Baba akachukua simu, akaeleza upande wake. Mimi nikaeleza wangu. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho, na nyuma yake kulikuwa giza, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi na alikuwa anatumia tochi ya simu. Shangazi analima mahindi na viazi. Anajua mvua ilinyesha lini mwaka juzi.

"Sasa kaka," akasema, "huo umeme wako unatoka kwenye nini? Si kwenye maji? Na chura anaishi kwenye nini? Maji yale yale. Huku juu watu wakimaliza miti na kulima mpaka kwenye chanzo, mto utapungua. Ukipungua, chura hana manyunyu, na wewe huna taa. Sasa mnagombea nini?" Kisha akasema betri inaisha, akatutakia usiku mwema, akakata.

Baba akabaki ameshika simu. "Dada yangu huyo," akasema, "ndiye angeenda Marekani."

Nimeliwaza jambo hilo wiki nzima. Nilikwenda kwenye ule ugomvi nikidhani kuna pande mbili, chura na taa, na kwamba mtu mwema anachagua chura. Shangazi hakuchagua. Aliangalia juu zaidi, kule mto unakoanzia, ambako ndiko yeye na majirani zake wanalima, na ambako mimi na Baba hatukuwa tumeangalia kabisa. Bado nadhani korongo lilipaswa kuchunguzwa mapema. Bado nadhani kibatari si kitu cha kumtakia mtoto anayesoma. Yote mawili ninayo, na sioni haja ya kutupa moja.

Kuna methali mliyoifundishwa nyumbani, naamini: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Tunaitumia kumwambia mtu asibabaishwe na maneno ya watu. Nadhani ng'ombe anaweza kunywa. Ila akisikia chura wa mto wake wamenyamaza wote kwa pamoja, basi na yeye aende akaangalie maji.

Jumapili hii narudi Bronx Zoo na Neema. Safari hii ni yeye aliyeomba, anataka kuwahesabu. Nimemwambia amsalimie kila mmoja kwa Kiswahili, kwa sababu mwaka mmoja mtoto wa mmoja wao anaweza kupandishwa ndege, na si vizuri kufika kwa watu hujui hata kusalimia.

Kabla sijaondoka, jambo dogo la sarufi kwa wale wanaoniandikiaga. Ni chura *huyu*, vyura *hawa*. Jina linaanza na *ch-* na *vy-* kama chumba na vyumba, lakini kwa kuwa ni mnyama tunamfuatisha na watu: chura *ana*ruka, vyura *wana*ruka. Ukisema "chura kinaruka" bibi hatakukosoa. Atakununulia soda akuangalie kwa huruma.

Kazi ya wiki: mtafute mzee mmoja kwenu, muulize alikuwa wapi wakati wa mgao wa umeme na alikuwa anasomea taa gani. Mrekodi kama atakubali, tutumie ujumbe wa sauti, na tutaucheza kwenye kipindi kijacho. Usimkatize. Wakianza na kibatari huwa hawaishii hapo.

Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.